Romani Nandonde, Mpima Maji wa Bonde la Mikokoni

Baba Paroko, Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, wazee wa kanisa na wazee wa msikiti mliofika pamoja, wakwe zetu kutoka Pugu, ndugu tuliosafiri kutoka Ndanda, wanakikundi wa bustani za Bonde la Mikokoni, na nyie majirani mliosimama kule nyuma karibu na geti ilhali viti vipo, familia inawasalimu nyote, na inawaomba msogee mkae, kwa sababu mengi yaliyomo humu yanawahusu nyie. Baba Paroko ametuomba tusizidishe dakika kumi, tumemsikia, lakini marehemu amesemwa mtaani miaka mitano mfululizo bila mtu kuangalia saa, kwa hiyo leo atuvumilie. Anayesoma kwa niaba ya familia ni Yustina, dada yake wa tumbo moja aliyemtangulia kuzaliwa, na wanaomfahamu wanajua kwamba akianza hakatizwi.

Marehemu Romani Valerian Nandonde alizaliwa tarehe 13 Machi 1959 katika hospitali ya misheni ya Ndanda, Wilaya ya Masasi, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto saba wa Mzee Valerian Nandonde, aliyekuwa mchonga vinyago, na Mama Flaviana, mkulima, wote wameshatangulia mbele ya haki. Alibatizwa wiki tatu baadaye hapo hapo Ndanda, na mama yetu alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alipopewa uji aliutazama kwanza, akamtazama aliyempa, ndipo akafungua mdomo, kwa hiyo wanaodhani tabia yake ya kutokula ovyo kwa watu aliitoa kazini, wajue sehemu yake alizaliwa nayo.

Elimu ya msingi aliipata kijijini kwetu kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, akachaguliwa kwenda Shule ya Sekondari ya Ufundi Ifunda, mkoani Iringa, mwaka 1974 hadi 1977, akaenda Jeshi la Kujenga Taifa mwaka 1978, na mwaka 1979 akajiunga na Chuo cha Maji pale Ubungo, Dar es Salaam, alikohitimu mwaka 1981 katika fani ya kutafuta maji yaliyo chini ya ardhi. Baba yetu hakuielewa fani hiyo mpaka anaingia kaburini, aliposikia kwamba mwanawe analipwa mshahara kwa kupitisha umeme kwenye udongo aliuliza kama serikali imekosa waya wa kuwashia taa za watu, na Romani alicheka hadi akakaa chini.

Mwezi Januari 1982 aliajiriwa na idara ya maji, akapangiwa kikosi cha upimaji kilichokuwa kikizunguka mikoa ya Lindi, Mtwara, Dodoma na Shinyanga, na kwa kuwa humu wamo watu waliosema kazi ile ilikuwa ya uchawi, wengine wakasema anatafuta rupia za Mjerumani, familia imeona ieleze kazi yenyewe kwa ufupi. Vyuma vinne vinapigwa ardhini kwenye mstari mmoja, vinaunganishwa kwa nyaya na mashine yenye betri, umeme kidogo unapitishwa udongoni, na mashine inasoma jinsi ardhi inavyoukataa, mchanga mkavu huukataa sana, maji matamu huukataa kiasi, maji ya chumvi hayaukatai hata kidogo, yanaupitisha kama mlango ulioachwa wazi, na kila vyuma vinapotenganishwa zaidi ndivyo umeme unavyozama chini zaidi. Basi, ndiyo hiyo tu, hakuna jini wala rupia.

Katika kikosi hicho alikuwapo kiongozi wao, Mzee Benson, Mpare mmoja asiyependa utani, na mwaka 1983 walipokuwa katika kijiji kimoja cha Lindi wapimaji walichinjiwa mbuzi nyumbani kwa katibu wa kijiji, wakala wakashiba, kesho yake vyuma vikaonyesha maji yapo jirani na nyumba ya katibu huyo huyo. Maji yalikuwapo kweli, lakini wanakijiji walisema mbuzi ndiye aliyesoma mashine, wakakataa kuchangia nguvu kazi, na kisima hakikuchimbwa. Kuanzia siku hiyo Mzee Benson akaweka mwiko kwa kikosi chake chote, kwamba ukishakubali kumpimia mtu ardhi yake, huli chakula chake wala hunywi maji yake mpaka umpe majibu kamili, na wenzake Romani waliushika mwiko ule kwa miaka miwili mitatu kisha wakauacha, yeye akaushika mpaka juzi Jumapili. Tatizo ni kwamba hakuwa mtu wa kujieleza, ukimkaribisha anasema asante nimeshiba, na sote tunajua katika nchi hii mtu akija kwako mara ya kwanza akasema ameshiba, ya pili akasema ameshiba, ya tatu unaanza kujiuliza anakuonaje.

Wa kwanza kujiuliza walikuwa wakwe zetu, nao wapo hapa, watacheka leo ingawa siku ile hawakucheka. Mwaka 1987 marehemu alipoanza kumwona Yuliana binti wa Mzee Cyprian wa Pugu, mzee huyo, hata hajajua kijana ana nia gani, alimwomba ampimie mahali pa kuchimba kisima, Romani akapima, mashine ikaharibika kabla hajamaliza, ikapelekwa matengenezo, na kabla haijarudi siku ya posa ikafika. Wazee wetu walipanga safari kutoka Ndanda, kuku wakachinjwa, pilau ikapikwa, na bwana harusi mtarajiwa akakaa mbele ya sahani akasema ameshiba, hata maji ya kunawa aliyatazama kwa wasiwasi. Shangazi mmoja wa upande ule alisema kwa sauti, huyu mtu anadhani tumemtilia nini, na posa ingevunjika palepale kama Yuliana asingemfuata uani na kumlazimisha aseme ukweli, akausema, na Yuliana alirudi ndani akiwa hajui acheke au alie. Ndoa ilifungwa Jumamosi tarehe 9 Julai 1988 katika kanisa la Pugu, kisima kikiwa kimeshatoa maji, na siku hiyo bwana harusi alikula mpaka watu wakamwonea aibu.

Katika ndoa hiyo Mungu aliwajalia watoto wawili, Flaviana aliyezaliwa tarehe 2 Oktoba 1989, ambaye alifuata nyayo za baba yake na kusomea miamba na maji huko Dodoma, na Cyprian aliyezaliwa tarehe 17 Mei 1993, fundi wa majokofu, na kutoka kwao marehemu ameacha wajukuu watatu.

Familia ilihamia hapa Kijichi, Mtaa wa Mikokoni, mwezi Agosti 1998, nyumba ikiwa haina hata madirisha, na mwaka 2009 marehemu akachimba kisima kirefu kwenye kiwanja hiki, kikatoa maji matamu, akaweka pampu na tangi, na Mama Flaviana, yaani shemeji yetu Yuliana, akafungua bomba pale getini. Nusu ya mtaa huu mlichota hapa, ada za shule za Cyprian zilitoka kwenye bomba lile, na Yuliana alilipenda kuliko alivyowahi kupenda kitambaa au dhahabu. Marehemu alistaafu tarehe 13 Machi 2019 kwa mujibu wa sheria, akapewa saa ya ukutani, akarudi nyumbani akidhani atapumzika.

Hakupumzika, maana mwaka huo huo mchicha wa bondeni ulianza kuungua kingo za majani, matembele yakadumaa, na asubuhi udongo ukawa na unga mweupe juu yake. Mwenyekiti wa kikundi cha bustani alikuwa na bado ni Bi Raudha, mama anayelima bondeni tangu mumewe yuko hai, naye ndiye aliyekuja hapa getini kumwomba marehemu awapimie, akaja na fungu la bamia, na bamia zile zilirudi naye. Mnaona mambo yalivyoanza vibaya? Marehemu alipima kuanzia tarehe 9 Septemba 2019, akavuta nyaya kutoka kwenye mikoko hadi juu barabarani, mistari mitano, wanabustani wakimkaribisha maji kila tuta, naye kila tuta ameshiba, jua la Septemba linawaka kichwani na mzee ameshiba, mpaka vijana wakaanza kutania kwamba huyu hanywi maji ya binadamu.

Majibu aliyatoa kwenye mkutano wa mtaa, Jumamosi tarehe 5 Oktoba 2019, na familia inayarudia kwa sababu yamepotoshwa mno. Alisema kwamba maji ya chumvi ya mkondo wa bahari yanaingia bondeni kwa chini, yanavutwa na pampu, watu wanavuta maji matamu kuliko mvua inavyorudisha, na pale palipoachwa tupu chumvi inakuja kukaa. Alisema visima vifupi vya bustanini vifungwe vyote mpaka ardhi ijisafishe kwa mvua za masika kadhaa, na akasema kisima kinachovuta chumvi kuliko vyote kiko kwenye mstari wa tatu, jirani na bustani, kirefu, kinapigwa pampu mchana kutwa, na mwenye kisima hicho ni yeye mwenyewe, Romani Nandonde, na kesho yake atakiziba.

Alikiziba. Alimwita fundi, akamwaga zege, bomba la getini likakatwa Yuliana akiwa amesimama mlangoni, na shemeji yetu hakumsemesha mumewe kuanzia siku hiyo mpaka Krismasi, akimpa chakula kwa kumsukumia sahani. Mtu mwenye akili timamu angesema, basi, aliyejikata mkono wake mwenyewe hawezi kuwa mwongo. Nyie mlisema nini? Mlisema hapa pana namna, haiwezekani mtu azibe riziki yake bure, lazima kuna mahali kavuta, na ya huko ni kubwa kuliko ya bomba.

Mahali penyewe mkapapata upesi. Juu barabarani anakaa Bwana Remtulla, yupo pale kwenye kiti cha pili, mwenye kisima kirefu na maboza mawili ya kuuza maji, na visima vya bondeni vilipofungwa mwezi Februari 2020 kwa amri ya Serikali ya Mtaa, wanabustani walilazimika kununua maji ya boza kwa Remtulla huyo huyo. Kisha Raudha alimwona marehemu, kwa macho yake mawili, amekaa barazani kwa Remtulla na mkewe Zarin, anakunywa chai ya maziwa, tena anaongezewa, tena anatafuna kachori. Habari ile ilishuka bondeni kabla kikombe hakijapoa, ikawa kwetu ameshiba kwa Mhindi ana njaa, kapewa chake huyo, mie nilijua, na sie tumeuzwa mchana kweupe.

Sasa leo mlijue la chai ile. Marehemu alikunywa chai ya Remtulla kwa sababu hajampimia Remtulla. Alimwendea tangu Septemba kumwomba apitishe mstari kwenye kiwanja chake, Bwana Remtulla akamtazama mtu aliyestaafu serikalini, ana mashine na nyaya, akaamini kabisa kwamba ametumwa na watu wa kodi, akamkatalia kwa adabu zote na kumkaribisha chai ili asiudhike. Marehemu alirudi mara nyingi kumbembeleza, kila akikataliwa anapewa chai, na kwa kuwa hakupima, mwiko haukumhusu, akanywa. Mwaka 2021, tarehe 14 Juni, Remtulla alikubali baada ya maji yake mwenyewe kuanza kuacha ukungu mweupe kwenye sufuria za Zarin, marehemu akapima, na tangu siku hiyo hakugusa kikombe pale mpaka alipompa majibu, kwamba apunguze pampu, avute asubuhi tu, naye amefanya hivyo hadi leo. Nyie mlipoona chai imekatika mlisema wamegombana kwenye mgao.

Familia haitayasema yote yaliyompata katika miaka ile, lakini mengine lazima yasemwe mbele ya jeneza. Aliitwa msaliti sokoni Mtoni, vyuma vyake viling'olewa na kutupwa kwenye mikoko, na likatungwa neno kwamba bonde halikuwa na chumvi kabla ya umeme wake, kwamba umeme ndio ulioiita chumvi kutoka baharini, na watu wazima waliosoma walilirudia neno hilo. Uchungu mkubwa ulitoka ndani ya nyumba, maana hata Flaviana, mtaalamu, damu yake, alimkalisha baba yake siku moja ya Pasaka na kumwuliza, baba, niambie mimi tu, kuna mtu alikupa kitu? Marehemu alimtazama mwanawe, akasema nenda kapime mwenyewe, akaenda kulala saa kumi alasiri, na kwa mwaka mzima baba na binti walisalimiana tu kama watu wa ofisi mbili. Flaviana ameruhusu lisomwe.

Masika ya mwaka huu wa 2024 yalinyesha kuliko tulivyozoea, bonde lote likawa ziwa, na maji yalipopungua marehemu aliwaza jambo moja tu, kwamba mvua ile huenda imeisukuma chumvi. Tarehe 10 Juni alianza kupima tena, safari hii bila kuitwa na mtu, akianzia kisima cha Bi Raudha kwa kuwa kiko katikati ya bonde, Raudha akasimama kwenye tuta amekunja mikono akimtazama, hakumfukuza na hakumkaribisha. Vyuma vilionyesha maji matamu yameanza kurudi, lakini marehemu alikataa kusema lolote, kwa sababu baada ya mvua kila ardhi hujidai njema, akasema atarudi mwisho wa kiangazi, mwezi Oktoba, kabla ya vuli, ardhi ikiwa imekauka na haina pa kuficha, na majibu ya Oktoba ndiyo yatakayokuwa majibu.

Oktoba haikumkuta mzima. Mwishoni mwa Julai alianza kulalamika maumivu ya ubavu wa kulia, akakonda upesi, macho yakageuka manjano, na tarehe 19 Agosti madaktari wa hospitali ya rufaa wakatuambia ni saratani ya ini, imeshaenda mbali. Hapo napo maneno hayakukosa, wengine wakasema kalogwa na bonde, wengine wakasema Mhindi kammaliza ili asiseme, na baadhi ya ndugu zetu wenyewe kutoka kusini walifika hospitali wakimkagua kila aliyeleta chakula, kwa hiyo tusijifanye kwamba ugonjwa huu wa kushuku ni wa majirani peke yao.

Tarehe 12 Oktoba, Jumamosi, Bi Raudha alikuja wodini. Alikuwa amefunua kisima chake mwenyewe, kilichofungwa zaidi ya miaka minne, akachota, akaonja, akakuta maji hayana chumvi, akajaza chupa, akapanda hadi hospitali kumletea mtu aliyekuwa akimtukana miaka yote hiyo. Alimimina kwenye glasi, akamwinua kichwa, akasema shikamoo kaka Romani, onja, ni ya kwangu. Marehemu alikuwa hana sauti tena, aliitazama glasi, akamtazama Raudha, akafumba mdomo na kugeuzia uso ukutani. Raudha alisubiri, akaiweka glasi chini, akatoka, na wauguzi walimkuta kwenye ngazi analia, akisema mpaka anakufa huyu mzee bado ananishuku, amenifia na kinyongo.

Marehemu alifariki dunia Jumapili tarehe 20 Oktoba 2024, saa moja asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka 65 na miezi saba.

Na sasa la Flaviana, maana tumewasikia tangu juzi. Ni kweli kwamba Jumatatu, watu wamekaa matanga, wanawake wako kwenye mkeka na Yuliana, binti wa marehemu alivaa buti, akabeba mashine ya baba yake akaingia bondeni, na ni kweli kwamba mliulizana kuna nini huko cha haraka hivyo, amefukia nini baba yake, wanagombea nini kabla hajazikwa. Hakufukia kitu. Flaviana alimwambia mama yake kwamba vuli ikinyesha kabla hajapima, kiangazi chote kimepotea na itabidi kusubiri mwaka mwingine, na Yuliana, mwenye msiba, ndiye aliyemwambia nenda. Hakuvuta nyaya peke yake, aliwapa wanabustani ndio washike ncha, waone namba kwenye mashine kwa macho yao, alipima Jumatatu na Jumanne, mistari yote mitano, na aliporudi hapa jana jioni midomo imepasuka kwa kiu hatukumwuliza kwa nini hakunywa maji bondeni. Tulimpa ya nyumbani.

Kwa hiyo familia inatoa majibu ya marehemu Romani Nandonde, mbele ya Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa na mbele yenu wote. Mstari wa kwanza na wa pili, upande wa juu wa bonde, maji matamu yamerudi na yamestahimili kiangazi, visima vya huko vinaweza kufunguliwa, kwa ndoo na kamba, si kwa pampu, na atakayeweka pampu atairudisha chumvi na safari hii hatakuwapo wa kumsingizia. Mstari wa nne kisima cha Bi Raudha ni kizima, kifunguliwe kwa masharti hayo hayo, na mstari wa tano karibu na mikoko bado, usubiri masika mengine, matuta ya huko yaendelee kuoshwa kwa maji ya mvua. Mstari wa tatu, kisima cha nyumba hii, chumvi bado imejaa kule chini kama alivyoisema mwaka 2019, hakitafunguliwa, na Flaviana anasema pengine hakitafunguliwa katika maisha ya mama yake. Yuliana amesikia hayo jana, amejifuta macho, akasema yasomwe kama yalivyo. Anayetaka kuuliza nyumba hii imepata nini katika mpango huu, ajibiwe na geti lile lisilo na bomba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya rufaa, waliomhudumia kwa upole hata alipokuwa msumbufu wa kutokula, inamshukuru Baba Paroko, wafanyakazi wenzake wa idara ya maji waliobeba jeneza, wakwe zetu wa Pugu, na Bwana Remtulla na Bi Zarin waliotoa maji ya msiba tangu Jumapili bila kuambiwa. Tunawashukuru majirani wote, waliotupenda na waliotushuku, maana hata mwenye kushuku amekuja kuzika, na hilo si dogo.

Shukrani ya mwisho ni ya Bi Raudha. Tunakuona, mama, umejifunika ukajificha nyuma ya mwavuli, sogea karibu na shemeji yetu, hapa ndipo mahali pako. Glasi ile umeibeba moyoni siku kumi na moja, na hakuna aliyekueleza, maana aliyeweza kukueleza alikuwa hana sauti, na hata alipokuwa nayo hakuwahi kujua kuitumia. Alikuwa na kiu, Raudha, midomo ilikuwa imemkauka, tuliokuwapo tuliona. Hakukushuku. Alikuwa hajamaliza kukupimia.

Haya, Romani mdogo wetu, majibu yao wameyapata, kalale salama.